Jogoo Maurice mahakamani: kisa cha kisiwa cha Oléron na sheria ya sauti za shamba

Tarehe 5 Septemba 2019, mahakama ya mji wa Rochefort, magharibi mwa Ufaransa, iliamua kwamba jogoo aitwaye Maurice ataendelea kuwika. Habari hiyo ilizunguka dunia siku hiyo hiyo. Wengi waliisoma, wakacheka, wakaendelea na shughuli zao. Mimi naona inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu kesi ile ilibeba mgogoro unaovisumbua vijiji vingi vya Ufaransa hadi leo. Waswahili tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Hapa jogoo alikuwa kwao, na aliyemtaka anyamaze alitoka mbali. Angalau ndivyo kisa kilivyosimuliwa. Ukikifungua kina mikunjo zaidi ya hiyo, na mikunjo yenyewe ndiyo inayofundisha.

Oléron ni kisiwa cha pwani ya Atlantiki, kikubwa cha pili kwa Ufaransa ya Ulaya baada ya Corsica. Kiko katika mkoa wa Charente-Maritime. Watu wake wanaishi kwa kufuga chaza, kwa mizabibu na uvuvi, na siku hizi zaidi kwa wageni. Mpaka 1966 ulifika kwa kivuko. Mwaka huo likafunguliwa daraja la karibu kilomita tatu, na tangu hapo familia ya bara inaweza kupakia watoto garini Ijumaa jioni na kulala kisiwani usiku huo huo. Nyumba zilizokuwa za wavuvi na wakulima zikaanza kununuliwa na watu wanaozifungua wakati wa likizo tu. Kisiwa chenye wakazi wa kudumu wapatao 22,000 hufurika kila kiangazi, kisha Septemba madirisha hufungwa mtaa baada ya mtaa.

Saint-Pierre-d'Oléron iko katikati ya kisiwa. Ina watu wasiofika 7,000, soko, na mnara wa taa ya wafu uliojengwa zama za kati, na mwandishi Pierre Loti amezikwa pale tangu 1923, katika bustani ya nyumba ya ukoo wake. Je, hapo ni mjini au ni shamba? Hilo ndilo swali ambalo mawakili walikuja kugombania.

Upande mmoja wa ua alikuwapo mama mmoja, mkazi wa pale kwa zaidi ya miaka thelathini, mwenye mitetea michache na jogoo mmoja. Upande wa pili walikuwapo mume na mke wastaafu kutoka upande wa Limoges, ndani ya bara, wenye nyumba ya mapumziko. Malalamiko yalianza 2017. Maurice, walisema, anawaamsha alfajiri; wamekuja kupumzika, na hawapumziki.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana magazeti yaliruka jambo hili. Walalamikaji hawa hawakuwa matajiri wa Paris. Walitoka katika eneo la Ufaransa linalojulikana kwa malisho na ng'ombe wekundu wa Limousin. Tena walikuwa na nyumba ile miaka mingi kabla ya banda la kuku kuwekwa jirani. Kwa hiyo hadithi ya mgeni aliyefika jana na leo anamtaka mwenyeji abadilike haiwakai sawasawa. Naomba msomaji aishike hoja hiyo, kwa sababu tutakapofika kwenye sheria ya 2024 kuhusu kero za majirani itarudi na uzito wote.

Barua zilikwenda, mazungumzo yakashindikana. Mama alijaribu njia za nyumbani: alifunika banda, akabandika trei za mayai ndani ili mwanga usipenye na sauti isitoke, akitumaini jogoo atadhani bado ni usiku. Haikusaidia sana, na sayansi inajua kwa nini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha kwamba jogoo ana saa yake ndani ya mwili. Waliwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika, usiku na mchana ukawa mmoja, na bado waliwika kwa mzunguko wa karibu saa ishirini na nne. Jogoo hasubiri jua limwambie kumekucha. Anajua. Ukimfunika, unamnyima mwanga na kumwachia saa yake.

Walalamikaji walileta ofisa wa kisheria, wale ambao Ufaransa huwatuma kushuhudia jambo na kuliandika liwe ushahidi. Alikuja asubuhi, akasikiliza, akaandika: jogoo anawika kwa vipindi, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na madirisha yakifungwa sauti inasikika kwa kiasi. Saa kumi na mbili na nusu! Kwetu hilo si jogoo la kwanza wala la pili. Saa hiyo mtu wa shamba ameshatoka na jembe lake. Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Kwa mstaafu ambaye miaka yote ameamka mapema kwenda kazini, nusu saa ya usingizi wa asubuhi ni kitu anachostahili, na kuitaka si dhambi.

Kesi ilisikilizwa tarehe 4 Julai 2019. Walalamikaji hawakuhudhuria, wala Maurice hakuletwa, lakini nje ya mahakama walijaa watu waliokuja kumtetea, baadhi wakiwa na kuku na majogoo wao mikononi. Ombi la kumtetea lilikuwa limekusanya sahihi zaidi ya 100,000. Wakili wa walalamikaji alisisitiza kwamba wateja wake hawapigani na maisha ya shamba. Wanaishi katika mtaa wa makazi, nyumba kwa nyumba, na wanachoomba ni kelele ipungue. Wakili wa mama akajibu kwamba majirani wako kama arobaini, na wanaolalamika ni wawili.

Ili kuielewa hukumu, ijue kanuni iliyotumika. Kwa miongo mingi Ufaransa haikuwa na kifungu cha sheria kuhusu kero za majirani. Kanuni ilijengwa na mahakama zenyewe. Tarehe 19 Novemba 1986 mahakama ya juu kabisa ya kesi za madai ilitamka kwamba hakuna mtu anayepaswa kumsababishia mwenzake kero ya ujirani isiyo ya kawaida. Ugumu wote uko katika maneno ya mwisho, isiyo ya kawaida. Sheria haimwahidi mtu ukimya. Inamwahidi kwamba hatabebeshwa mzigo kuliko ule unaotarajiwa mahali anapoishi. Jaji hahitaji kumkuta mtu na kosa. Anauliza sauti ina ukali gani, inadumu muda gani, inarudi mara ngapi, inatokea saa ngapi, na hasa inatokea wapi. Mlio mmoja unaweza kuwa kero kwenye ghorofa la Bordeaux na usiwe kero kwenye kitongoji cha wafugaji.

Na anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Hapo ndipo kesi ya Rochefort ilipoangukia. Jaji alisema walalamikaji hawakuthibitisha kwamba kuwika kwa Maurice ni kero iliyovuka kawaida ya mahali pale. Ushahidi wao ulionyesha jogoo anayewika asubuhi, kwa vipindi, kwa sauti ya jogoo. Dai likatupwa, na wakaamriwa kumlipa mama fidia ya euro 1,000 pamoja na gharama za kesi.

Nje ya mahakama watu walishangilia kana kwamba shamba limeushinda mji. Hukumu yenyewe haikusema hivyo. Haikusema majogoo wote wa Ufaransa wana haki ya kuwika, wala kwamba mwenye nyumba ya likizo hana haki. Ilisema tu kwamba katika kesi hii ushahidi haukutosha. Tofauti hiyo ni kubwa, na anayeipuuza atashangaa akisikia kesi nyingine mbili ambazo vijiji vilishindwa.

Ya kwanza ni ya vyura. Katika kijiji cha Grignols, mkoa wa Dordogne, familia moja ilikuwa na bwawa uani, karibu na nyumba ya jirani. Msimu wa kuzaana vyura walikuwa wakilia usiku kucha. Jirani hakuishia kulalamika. Sauti ilipimwa, na dirisha likiwa wazi kipimo kilifika desibeli 63. Jaribu kulala na mtu anazungumza kwa sauti ya kawaida kando ya mto wako, usiku hadi usiku. Juni 2016 Mahakama ya Rufani ya Bordeaux iliamuru bwawa lifukiwe, na tarehe 14 Desemba 2017 mahakama ya juu ikauacha uamuzi huo usimame. Watetezi wa mazingira walipinga, wakionyesha kwamba ndani ya bwawa kuna aina za viumbe zinazolindwa na sheria, kwa hiyo amri ya kumridhisha jirani ingeweza kuvunja sheria nyingine. Hivyo kijijini kabisa, kati ya miti na mashamba, sauti ya asili kabisa ilishindwa mahakamani. Ilishindwa kwa sababu ilidumu usiku kucha, na ilikuwa na namba.

Ya pili inauma zaidi, kwa sababu inahusu riziki ya mtu. Saint-Aubin-en-Bray ni kijiji cha mkoa wa Oise, kaskazini mwa Paris. Mfugaji mmoja alipanua shughuli za familia yake kwa kujenga zizi jipya la ng'ombe mwaka 2010, karibu na nyumba za watu. Majirani wakaenda mahakamani kwa ajili ya mlio na harufu. Machi 2022 Mahakama ya Rufani ya Amiens ilimhukumu kulipa zaidi ya euro 100,000, na tarehe 7 Desemba 2023 mahakama ya juu ikalitupa ombi lake. Kiasi hicho kinaweza kumng'oa mkulima mdogo kwenye shamba lake. Hata hivyo majirani wale hawakuwa wakilalamikia ufugaji wa miaka mia iliyopita. Walilalamikia zizi kubwa jipya lililosogezwa kwenye madirisha yao. Mimi moyo wangu uko kwa mfugaji, lakini siwezi kusema hoja ya majirani ni ya kipuuzi.

Ziweke kesi hizo tatu pamoja na utaona kinachoamua. Upenzi wa jaji kwa maisha ya kijijini si kitu. Kinachoamua ni ukubwa wa jambo, muda wake, ushahidi uliopimwa, na kama kuna kilichobadilika. Maurice alikuwa jogoo mmoja, nusu saa ya asubuhi, bila kipimo kikubwa dhidi yake.

Majaji wa Ufaransa wenyewe wamewahi kuandika kwa mapenzi kuhusu jambo hili. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ya Riom, katika kesi ya banda la kuku kwenye kitongoji cha La Rochette, kijiji cha Sallèdes chenye nafsi 402, iliandika kwamba kuku ni mnyama asiye na madhara na mjinga kiasi kwamba hajapata kufundishwa na yeyote, hata sarakasi ya Kichina. Ikaendelea kusema kwamba mahakama haitaamua kuwa mashua inamkera baharia, unga unamkera mwokaji mkate, fidla inamkera kiongozi wa okestra, na kuku anamkera mkazi wa La Rochette. Ni maneno matamu na Wafaransa wanayanukuu hadi leo. Lakini sifa ya kuku kwa ujumla haijibu swali la banda lile, kwa jirani yule, saa ile. Ndiyo maana baada ya Maurice wengi waliona vijiji vinahitaji kitu kigumu zaidi kuliko ucheshi wa majaji.

Kitu hicho kilianzia Gajac. Ni kijiji cha watu kama 400 katika mkoa wa Gironde, karibu na Bazas, nchi ya ng'ombe wa nyama. Mei 2019, kesi ya Maurice ikiwa bado haijasikilizwa, meya wake, Bruno Dionis du Séjour, aliandika barua ya wazi akitaka sauti za shamba ziandikishwe kuwa urithi wa taifa: kengele za kanisa, mlio wa ng'ombe, kubweka kwa mbwa, kilio cha punda, na kuwika kwa jogoo. Alichoka kuona wenyeji wakiburuzwa kwa sababu ya mambo yaliyokuwapo kabla ya babu zao.

Hakuwa peke yake. Katika kijiji cha Le Beausset, mkoa wa Var, kiangazi cha 2018 watalii walimwendea meya kulalamikia nyenje, wale wadudu wanaolia mitini wakati wa joto, wakiuliza kama hawawezi kupuliziwa dawa. Les Bondons, mkoa wa Lozère, wageni wa likizo walitaka kengele ya kanisa ya saa moja asubuhi ichelewe. Saint-André-de-Valborgne, katika milima ya Cévennes, meya aliweka bango mlangoni mwa kijiji likimwonya anayeingia: hapa kengele zinalia, majogoo wanawika mapema, mifugo iko karibu, na wakulima wanafanya kazi ili wewe ule.

Mtu wa nje atauliza kwa nini meya ajishughulishe na jogoo. Ufaransa ina manispaa zipatazo 35,000, na zaidi ya nusu zina watu chini ya 500. Kila moja ina meya wake, hata yenye nyumba ishirini. Meya huyo ndiye anayegongewa mlango ugomvi ukizuka, na ana mamlaka juu ya utulivu wa mahali. Hata kengele za kanisa zimo mikononi mwake kwa sehemu: sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola ilisema mlio wa kengele utapangwa kwa amri ya manispaa, na meya na wenye kanisa wasipokubaliana, mwakilishi wa serikali mkoani ataamua. Kwa hiyo mgogoro wa sauti kijijini ni wa zamani kuliko nyumba za likizo. Karne iliyopita uligombanisha meya na padri. Leo unagombanisha mkazi na mgeni.

Barua ya Gajac ilimfikia Pierre Morel-À-L'Huissier, mbunge wa Lozère, mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Ufaransa ya Ulaya. Aliandika muswada wa kutambua urithi wa hisia wa mashambani, yaani kile kinachosikika na kunuswa. Wazo lake la awali lilikuwa zito: sauti na harufu za shamba zikishatambuliwa kuwa urithi, zisihesabiwe tena kuwa kero. Baraza la Dola, linaloishauri serikali kuhusu sheria, lilitoa maoni yake Januari 2020, na muswada ukaandikwa upya. Bunge la Taifa likaupitisha mwishoni mwa mwezi huo, Seneti ikafuata tarehe 21 Januari 2021, na sheria ikatiwa sahihi tarehe 29 Januari 2021.

Iliyotoka ni fupi sana. Kifungu cha kwanza kinaongeza maneno machache kwenye sheria ya mazingira: pale panapoorodheshwa vitu vinavyounda urithi wa pamoja wa taifa, maliasili, mandhari, hewa, sasa zimo pia sauti na harufu zinazoyatambulisha mazingira hayo. Kifungu cha pili kinayakabidhi majimbo kazi ya kuchunguza na kueleza utambulisho wa kitamaduni wa maeneo yao, pamoja na mambo ya hisia. Kifungu cha tatu kinaitaka serikali ilete ripoti kuhusu kuiingiza kero ya ujirani katika sheria ya madai.

Wakosoaji walisema hakuna kitu humo. Jogoo aliyeshtakiwa kabla ya sheria angeweza kushtakiwa vilevile baada yake. Wana haki kwa kiasi, lakini mimi naona kifungu cha pili kimedharauliwa isivyostahili. Kazi hiyo wanakabidhiwa watumishi wa Orodha Kuu ya Urithi, taasisi iliyoanzishwa 1964 chini ya waziri wa utamaduni André Malraux, yenye nia ya kuorodhesha urithi wote wa Ufaransa kuanzia kijiko kidogo hadi kanisa kuu. Kwa miongo mingi orodha hiyo ilijaa mawe, mbao, vioo na chuma: vitu vinavyopigwa picha. Sasa inaambiwa isikilize. Kijiji kikishaandikiwa kwamba kina mlio wa kengele za ng'ombe wanaopanda mlimani Juni na kushuka vuli, au harufu ya zabibu zinazochachuka Septemba, jaji anayeuliza kawaida ya mahali hapa ni ipi atakuwa na kitu cha kusoma. Maandishi hayo hayamfungi, lakini yanamsaidia. Na kanuni yote, tuliona, imesimama juu ya neno kawaida.

Wakati sheria inajadiliwa, hali mashinani ilikuwa inachacha. Mei 2020 huko Vinzieux, mkoa wa Ardèche, mtu alimuua jogoo wa jirani yake, Marcel, kwa risasi na chuma. Alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kisichotumikiwa, pamoja na faini. Maurice naye alikufa mwezi huo huo, kwa mafua ya kuku, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona. Yule mama mwenye jogoo alisubiri hadi Juni kutangaza, akisema watu walikuwa na misiba mizito zaidi.

Kisha ikaja sheria ya 15 Aprili 2024. Hii ndiyo yenye meno. Ililetwa na Nicole Le Peih, mbunge wa Morbihan ambaye mwenyewe ni mkulima, na imeiandika kero ya ujirani katika kifungu cha 1253 cha sheria ya madai, karibu miaka arobaini baada ya majaji kuitamka. Pamoja na kanuni imeandika kinga. Ikiwa shughuli, ya aina yoyote, ilikuwapo kabla mlalamikaji hajapata mali yake, inafuata sheria, na inaendelea katika hali ile ile au katika hali isiyozidisha kero, mwenye shughuli hawajibiki. Kwa wakulima kuna nafuu ya ziada katika sheria ya kilimo. Kwa lugha ya mtaani: ulinunua nyumba ukijua, au ulipaswa kujua, kwamba ng'ombe wapo, usije baadaye ukawashtaki ng'ombe.

Ni kanuni ya haki, nami naiunga mkono. Sasa irudishe Saint-Pierre-d'Oléron. Maurice angepata kinga? Hapana. Walalamikaji walikuwa na nyumba yao kabla ya banda. Kwa kipimo cha nani alitangulia, wao ndio waliotangulia na jogoo ndiye mgeni! Jogoo maarufu kuliko wote wa Ufaransa, aliyewafanya wabunge wakaandika sheria, asingelindwa na kinga ile iliyoandikwa kwa ajili ya wenzake. Mama angelazimika kurudi pale pale alipokuwa 2019, kujitetea mbele ya jaji kwamba kuwika asubuhi si jambo lisilo la kawaida katika mji mdogo wa kisiwani. Naamini angeshinda tena, kwa kuwa ushahidi wa walalamikaji ungekuwa ule ule uliokuwa hafifu.

Jambo hilo linafichua udhaifu wa kuulinda urithi kwa tarehe. Anayetangulia analindwa, anayefuata halindwi. Kijana akitaka leo kuanza kufuga mbuzi katika kijiji ambacho nusu ya nyumba zimeshauzwa kwa watu wa likizo, kinga hiyo haimhusu. Majirani wake wote wamemtangulia. Na vijana hao ndio wanaohitajika. Mwaka 1970 Ufaransa ilikuwa na mashamba yapatayo milioni 1.6. Sensa ya kilimo ya 2020 ilikuta yamebaki karibu 390,000 katika Ufaransa ya Ulaya, pungufu kwa 100,000 kuliko miaka kumi iliyotangulia. Sauti ambayo Gajac iliomba iwe urithi inatoka kwa watu na wanyama walio kazini. Mzee akistaafu na zizi likigeuzwa kuwa chumba cha wageni, hakuna wa kumshtaki, na ukimya unaingia bila kesi yoyote. Kwa macho yangu, hatari hiyo ni kubwa kuliko wastaafu wawili wa Limoges.

Nikiangalia kisa kizima, hatua iliyokosekana ninaiona 2017, kabla ya mawakili na kamera. Ufaransa ina wasuluhishi wa haki, watu wanaojitolea, ambao mara nyingi hukaa siku maalumu katika ofisi ya meya na hawamtozi mtu senti. Mama alikuwa tayari ameshajaribu kufunika banda. Majirani walikuwa wanakuja kwa vipindi tu. Palikuwa na nafasi ya kukubaliana kwamba wiki wanazokuja jogoo atalala mbali na ukuta wao, na wao watavumilia nusu saa ile ya asubuhi. Baadhi ya mabaraza ya kilimo ya mikoa sasa yanaandika hati za ujirani mwema, zinazomweleza anayehamia kijijini kuhusu kupulizia dawa, matrekta ya usiku wakati wa mavuno, samadi ya masika na mifugo. Afadhali hati kama hiyo isomwe mbele ya mthibitishaji, siku ya kutia sahihi ya kununua nyumba, wakati mnunuzi bado anaweza kurudisha kalamu.